ACL ya goti imekatika: upasuaji au mazoezi tiba? Tuzungumze gharama kwa uwazi

Kocha wa Mtaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Msimu wa ndondo ukianza tu, simu ninazopigiwa zinafanana. Kijana alikuwa anakimbia na mpira, akageuka ghafla au akatua vibaya baada ya kuruka kichwa, goti likalia "ko!" bila kuguswa na mtu, na kabla ya magharibi limevimba hata suruali haipandi. Baadaye anaambiwa ACL, kamba mojawapo inayoshikilia goti, imekatika, na swali la kwanza la ndugu zake ni "upasuaji shilingi ngapi?"

Nafundisha vijana Mbagala. Nimekaa nao kwenye mabenchi ya hospitali na nimewachangishia fedha. Mimi si daktari, na waliosomea wanirekebishe hapa hapa. Ila kuna jambo naliona kila mara: familia inahangaika mpaka inapata hela ya upasuaji, na ikishalipa, mfuko umekauka. Hela ya mazoezi tiba ya miezi tisa haikutengwa na mtu. Matokeo yake kijana ana kovu zuri kwenye goti na paja limekonda, na goti bado hulitegemei. Ndiyo maana nasema bei ya upasuaji isiwe swali la kwanza.

Tuanze na goti lenyewe. Lina ligamenti nne kubwa, yaani kamba zinazofunga mfupa na mfupa. ACL iko katikati kabisa, imepita mshazari kutoka mfupa wa paja hadi kwenye muundi. Kazi yake ni kuzuia muundi usichomoke kwenda mbele na goti lisizunguke kupita kiasi. Kati ya mifupa hiyo miwili kuna vipande viwili vya gegedu, meniskasi, vinavyopokea uzito wa mwili. ACL ikikatika, mara nyingi meniskasi nayo huguswa, na hiyo ndiyo inayobadilisha mahesabu yote, nitaifikia.

Uvimbe unaokuja ndani ya saa chache ni damu iliyovujia ndani ya kiungo. Eksirei haionyeshi ligamenti, inaangalia mifupa tu, kwa hiyo kuambiwa "picha iko safi" hakumaanishi goti ni zima. Daktari wa mifupa aliyezoea anaweza kugundua kwa mikono. Nilimwona mmoja akimpima beki wangu: alilikunja goti kidogo tu, mkono mmoja ukashika paja, mwingine ukavuta muundi mbele. Akaanza na mguu mzima, ukasogea kidogo ukagota. Alipohamia mguu wenye shida ulisogea, ukaendelea kusogea, hakuna kilichouzuia. Kijana mwenyewe aliangalia pembeni. Picha ya MRI, ambayo inaonyesha hata ligamenti, ilikuja baadaye kuthibitisha na kuonyesha hali ya meniskasi.

Sasa hela. Sitaji hospitali, na bei zinabadilika, lakini kwa vijana wangu wa Dar mambo yamekuwa hivi. MRI ni laki kadhaa. Makadirio ya upasuaji yamepishana sana: ya chini niliyoyashika mkononi yalikuwa milioni nne na ushee, ya juu yalivuka kumi. Tofauti haiko kwa daktari peke yake. Iko kwenye vifaa vya kukaza ligamenti mpya, yaani skrubu na vile vibati vidogo, ambavyo sehemu nyingine mgonjwa anaambiwa anunue nje ya bili. Iko kwenye siku za kulala wodini, kwenye aina ya dawa ya usingizi, na kwenye meniskasi, maana ikishonwa inaongeza muda wa chumba cha upasuaji na vifaa vyake. Ukipewa bei kwa mdomo, omba makadirio ya maandishi yenye mchanganuo, na uliza: "Vifaa vimo? Bresi na magongo vimo? Mkikuta meniskasi imechanika, itaongezeka kiasi gani?"

Halafu piga hesabu ya mazoezi tiba. Tuseme kipindi kimoja ni elfu thelathini, mara mbili kwa wiki kwa miezi sita, kisha mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Hiyo ni takriban milioni moja na laki nane. Ongeza bajaji, maana mtu wa magongo hapandi daladala la saa kumi na mbili asubuhi, na ongeza kipato anachokosa. Familia ikiniambia ina milioni tano kamili na makadirio ya upasuaji ni milioni tano kamili, mimi nawaambia hawana hela ya upasuaji bado.

Karibuni, hasa waliopitia na wataalamu wa viungo.

---

Mdau wa Kigamboni

Mkuu umeandika vizuri sana. Naweka kambi hapa. Mdogo wangu imemtokea, ACL imekatika yote, hakuna meniskasi iliyoguswa. Ana miaka 24, kazi yake ni fundi wa vigae. Baba anataka kuuza kiwanja cha Chanika ili akafanyiwe upasuaji haraka. Je, ni lazima?

---

Tiba Viungo

Habari zenu. Nafanya kazi ya fiziotherapia. Mdau, kabla kiwanja hakijauzwa, soma hii mpaka mwisho.

Kukatika ACL peke yake si dharura ya kupasuliwa wiki hii. Goti lililovimba na lisilonyooka likipasuliwa mapema lina hatari kubwa zaidi ya kukakamaa. Kwanza tunashusha uvimbe, tunarudisha mguu unyooke kabisa na tunaamsha msuli wa mbele wa paja, ambao hulala mara goti linapojaa. Mwambie dogo akae kitandani, mguu umenyooka, kitaulo kilichokunjwa kiwe chini ya kisigino, akaze paja akihesabu mpaka tano, aachie, arudie. Ni zoezi dogo, ila mgonjwa anayelifanya kila siku na asiyelifanya nawatofautisha wakishavuka mlango tu.

Kuhusu ulazima, kuna utafiti wa Sweden uliotoka mwaka 2010 ambao sisi wa fani hii tunaurejea sana. Walichukua vijana na watu wazima wachangamfu 121 walioumia karibuni. Nusu wakapasuliwa mapema, nusu wakaanza na mazoezi tiba yenye mpangilio wakiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye goti likiwasumbua. Baada ya miaka miwili hali za magoti ya makundi yote mawili zilikuwa zinakaribiana, na walipofuatiliwa hadi mwaka wa tano bado zilikaribiana. Katika kundi la mazoezi, 23 kati ya 59 walikuwa wamepasuliwa ilipofika miaka miwili, na 30 ilipofika miaka mitano. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya walioanza na mazoezi hawakuhitaji kujengewa ACL mpya, na waliohitaji hawakupoteza kwa kusubiri.

Lakini hayo yalikuwa mazoezi ya kweli, yanayosimamiwa na kuongezwa uzito hatua kwa hatua. Kukaa nyumbani na kupaka dawa ya kuchua hakuhesabiki.

Kwa fundi wa vigae mimi ningeshauri miezi mitatu ya mazoezi ya dhati, kisha muangalie: je, goti linateguka akishuka ngazi, akigeuka na ndoo, akichuchumaa na kuinuka? Kama haliteguki na haendi kucheza mpira, ana sababu nzuri ya kubaki bila upasuaji. Likiteguka, asivumilie kwa ushujaa, kwa sababu kila linapoteguka linaweza kuchana meniskasi, na meniskasi iliyoharibika ndiyo inayofungua njia ya goti kuchakaa mapema.

---

Mdau wa Kigamboni

Mtaalamu, nashukuru mno. Ngoja nimpelekee baba hii leo leo. Swali: ikifikia kupasuliwa, huwa wanaishona ile iliyokatika?

---

Tiba Viungo

Kwa kawaida hapana. Wanajenga mpya, wakichukua kano ya mgonjwa mwenyewe. Wengi hutumia kano za nyuma ya paja. Wengine hutumia kano ya chini ya kilegesambwa ikiwa na kipande cha mfupa kila upande, au kano ya juu yake. Inapitishwa kwenye matundu yaliyotobolewa kwenye mfupa wa paja na muundi, inakazwa. Kamera inaingia kwa tundu dogo, ndiyo maana makovu ni madogo.

Na kwa fundi vigae hapa pana jambo ambalo lazima alimwambie daktari kabla ya siku ya upasuaji: KAZI YAKE NI YA KUPIGA MAGOTI. Waliochukuliwa kano ya mbele, chini ya kilegesambwa, hulalamika zaidi maumivu wakipiga magoti, na yanaweza kudumu muda mrefu. Kano hiyo ni imara na wachezaji wengi wanaitumia, lakini mtu anayeshinda sakafuni, au anayesujudu mara tano kwa siku, ana haki ya kuuliza kuhusu kano ya nyuma ya paja. Nimekutana na wagonjwa ambao hawakuulizwa wanafanya kazi gani.

---

Bint Pangani

Hilo la kusujudu limenigusa. Mama yangu mdogo alipasuliwa goti, mpaka leo anaswali kwenye kiti na linamuumiza moyo kuliko linavyomuumiza goti. Ahsante kwa kulitaja.

---

Mzee Kanda Maji

Vijana, mnatajiana mamilioni. Huku kwetu Handeni goti likiteguka linakandwa maji ya moto, linachuliwa na kufungwa, mtu anarudi shamba. Wazee wetu walicheza mpira peku na hawakujua MRI.

---

Kocha wa Mtaa

Shikamoo mzee wangu.

Siwezi kubeza wazee, na goti lililoteguka kidogo bila kukatika kitu linaweza kupona kwa kupumzishwa na kufungwa. Na mtu aliyekatika ACL anaweza kurudi shamba pia, kwa sababu kutembea mbele kwenye njia iliyonyooka goti linaweza. Ndiyo maana wengi waliamini wamepona. Linapokuja suala la kugeuka ghafla ndipo linapowaangusha.

Kwa heshima zote mzee, goti likiwa limejaa damu siku za mwanzo lisichuliwe wala kukandwa kwa maji ya moto, uvimbe unaongezeka. Kitambaa chenye barafu, dakika 15 hadi 20, mguu umeinuliwa juu ya mto. Barafu isigusane na ngozi moja kwa moja. Na mtu akishindwa kabisa kukanyaga, apelekwe hospitali kwanza, kwa sababu kuna mifupa inayovunjika karibu na goti na kwa macho inaonekana kama kuteguka tu.

---

Mzee Kanda Maji

Marahaba. Hapo kwenye kushindwa kukanyaga nimekuelewa. Endeleeni.

---

Boda wa Tegeta

Wakuu mimi sichezi mpira. Niligongwa na gari ubavuni, goti la kulia. MRI inasema ACL na ligamenti ya ndani zote. Nimetulia mwezi wa pili, riziki imesimama. Nimeambiwa niende India, jamaa yangu anasema kule ni bei nafuu na wana ujuzi. Nichukue mkopo?

---

Tiba Viungo

Pole sana kaka. Kwanza kwa wengine wanaosoma: ajali ya pikipiki si sawa na ya mpira. Inaweza kukata ligamenti mbili tatu kwa pamoja, na goti likiwa limehama kabisa mahali pake linaweza kuumiza mshipa mkubwa wa damu ulio nyuma ya goti. Mguu ukiwa wa baridi, umepauka, hauna hisia au vidole havichezi, hiyo ni dharura ya saa hizo hizo, haisubiri kesho wala rufaa ya wiki ijayo, hata kama goti limejirudi lenyewe.

Kwako, ligamenti ya ndani ina tabia nzuri, mara nyingi hupona yenyewe kwa bresi ndani ya wiki kadhaa bila kupasuliwa. Kwa hiyo madaktari wengi hutibu hiyo kwanza, ndipo waamue kuhusu ACL. Uliza hali yake ikoje sasa kabla hujaamua lolote. Na goti la kulia ndilo la breki ya nyuma ya pikipiki. Usirudi barabarani mpaka uweze kukanyaga breki kwa nguvu na ghafla bila maumivu, na kuushikilia uzito wa pikipiki ikilala upande huo.

---

Kocha wa Mtaa

Na kuhusu India, kaka, hesabu yote, usihesabu bili ya hospitali tu. Viza yako na ya msindikizaji, tiketi mbili, chumba cha kulala kabla na baada, chakula, teksi. Ndege baada ya upasuaji wa mguu inaongeza hatari ya damu kuganda, kwa hiyo huwezi kupasuliwa Jumatatu ukaruka Jumatano, lazima daktari aruhusu. Ukisharudi, yule aliyekupasua yuko mbali nawe, kidonda kikianza kutoa maji unampelekea nani? Na miezi tisa ya mazoezi utaifanyia hapa hapa Dar.

ACL ya kawaida inafanyika nchini. Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili wanafanya upasuaji wa goti kwa kamera, na hospitali kubwa nyingine zina mabingwa wa mifupa. Kwenda nje naweza kuelewa kwa goti lililosambaratika na daktari wa hapa mwenyewe akaandika rufaa. Kwa ushauri wa jamaa wa kijiweni, hapana.

Mkopo ndiyo nakusihi kabisa. Ile mikopo ya riba kali, kausha damu, usiiguse. Utakuwa na goti bichi na watu wanakuja kubeba pikipiki na televisheni. Kama mna kikundi cha boda chenye mfuko wa dharura, anzia huko. Uliza pia habari ya bima ya chombo kilichokugonga. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu (third party), ni ya lazima kisheria kwa ajili ya watu kama wewe, na ripoti ya polisi unayo haki ya kuifuatilia.

---

Boda wa Tegeta

Kuhusu bima ya gari hakuna aliyeniambia. Dereva alinilipia tu matibabu ya siku ya kwanza. Kesho naenda kituoni kufuata ripoti. Mungu awabariki.

---

Mkenya Halisi

Niaje wadau. Niko Nakuru. Huku kwetu Kenya bima ya afya ya serikali, NHIF, ilienda, SHA ikaanza mahali pake tarehe 1 Oktoba 2024, mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Niliyojifunza na goti la kakangu: kuwa na bima ni kitu kimoja, kupata idhini ya upasuaji ni kingine. Hospitali iliandikia bima, bima ikaidhinisha kiasi fulani, kilichobaki kikawa chetu. Tulifanya harambee. Ombeni idhini kwa maandishi kabla ya siku ya kulazwa na muulize kilichoachwa nje ni kipi.

---

Kocha wa Mtaa

Ndivyo ilivyo na huku. Mwenye kadi ya NHIF ya hapa Tanzania au bima ya kampuni aulize mambo mawili: MRI inahitaji kibali? Na kifurushi changu kinalipia vifaa vinavyobaki ndani ya goti, au upasuaji peke yake? Halafu aulize la tatu ambalo watu husahau: kinalipia vipindi vingapi vya mazoezi tiba kwa mwaka?

---

Mtanzania Leicester

Habari za huko nyumbani. Niko Uingereza. Huku kupitia huduma ya umma hulipii upasuaji, ila unasubiri foleni, na wakati unasubiri wanakupeleka kwenye mazoezi tiba.

Niongezee kwenye utafiti wa Sweden. Upo mwingine wa hapa Uingereza, ulichapishwa 2022, watu 316. Tofauti yake ni kwamba hawa hawakuwa wameumia juzi. Ni watu wa majeraha ya muda mrefu ambao magoti yao tayari yalikuwa yanateguka. Hapo waliopasuliwa walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa mazoezi, na takriban watu 4 katika kila 10 wa kundi la mazoezi waliishia kupasuliwa. Kwa hiyo msichukue ule wa Sweden mkamwambia mtu aliyekaa mwaka mzima na goti linaloteguka aendelee kukaza paja. Kwake muda wa kujaribu umeshapita.

---

Tiba Viungo

Umesema vyema kabisa, na nakushukuru. Aliyeumia karibuni tunampa nafasi ya mazoezi. Ambaye goti limeendelea kumteguka baada ya mazoezi ya kweli, upasuaji una faida ya wazi. Wapo pia wasiopaswa kusubiri sana: goti lililojifunga, halinyooki kwa sababu kipande cha meniskasi kimekaa katikati, aliyekatika ligamenti kadhaa, na mara nyingi mchezaji kijana anayetaka kurudi kwenye mchezo wa kugeuka-geuka.

---

Mama Neema Moro

Naomba mnisaidie na mimi. Binti yangu ana miaka 14, anacheza mpira wa miguu shuleni, walikuwa kambini wanajiandaa na UMISSETA. ACL imekatika. Daktari mmoja kasema asubiri mpaka akue, mwingine kasema apasuliwe. Nimechanganyikiwa, silali. Na watu wananiambia mpira si wa wasichana ndiyo maana.

---

Tiba Viungo

Mama, pole, na hao wanaosema mpira si wa wasichana waache waseme. Ni kweli wasichana hukatika ACL zaidi ya wavulana katika michezo ileile, na sababu ni nyingi, zikiwemo namna ya kutua na kugeuka na mazoezi ya nguvu wanayonyimwa. Kuna mpangilio wa kupasha mwili wa FIFA, unachukua kama dakika 20, una mazoezi 15 ya kukimbia, nguvu, mizani na kuruka. Timu inayoufanya mara kwa mara hupunguza majeraha. Mwombe mwalimu wa michezo aufanye na wale waliobaki kambini.

Kuhusu binti, madaktari wote wawili wana hoja. Kwa mtoto, karibu na goti kuna sehemu za ukuaji wa mfupa, na tundu likipitishwa vibaya hapo mguu unaweza kukua umepinda au mmoja ukawa mfupi. Ndiyo hofu ya anayesema asubiri. Lakini mtoto anayekimbia na goti linaloteguka huharibu meniskasi, na hiyo haingojei akue. Ndiyo hofu ya anayesema apasuliwe. Zipo njia za kupasua zinazokwepa sehemu za ukuaji. Unachohitaji ni bingwa aliyewahi kufanya kwa watoto. Muulize hivi, bila aibu: "Sehemu za ukuaji za mwanangu bado ziko wazi kiasi gani, na utapitisha wapi tundu?" Akikueleza kwa picha ukaelewa, uko mahali pazuri. Kwa sasa asicheze kabisa, aanze mazoezi tiba.

---

Mama Neema Moro

Nimeandika swali hilo kwenye daftari. Ahsante mwanangu.

---

Winga Teleza

Kuna mahali nimeona Australia wanafunga goti likiwa limekunjwa na ACL inajiunga yenyewe. Hii si ndiyo dawa ya sisi tusio na hela?

---

Tiba Viungo

Ipo, ilichapishwa 2023. Wagonjwa 80, goti linafungwa kwenye bresi likiwa limekunjwa digrii 90 kwa wiki nne, kisha linafunguliwa kidogo kidogo hadi wiki ya 12. MRI ya miezi mitatu ilionyesha dalili za kuunga kwa asilimia 90 yao. Inatia moyo, na imetikisa imani ya zamani kwamba ACL haiungi kamwe. Lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo, bresi inaanza mapema baada ya kuumia, na mguu uliokunjwa wiki nne unaweza kuganda damu, kwa hiyo wagonjwa walipewa dawa za kuzuia hilo. Bonge la damu likihama kwenda mapafuni linaua. Naomba mtu asijifunge goti kwa kanga na mbao nyumbani.

Na wale wa sindano za goti: ya kupunguza uvimbe inapunguza maumivu, haioteshi ligamenti. Ukiambiwa vinginevyo, shika hela yako.

---

Winga Teleza

Sawa mtaalamu. Mimi nimepasuliwa, nakaribia miezi sita, najisikia niko fiti kabisa. Fainali ya mtaa ni mwezi ujao. Nicheze hata dakika 20?

---

Kocha wa Mtaa

Mdogo wangu, usicheze. Nakuomba kama kaka.

Rodri wa Manchester City aliumia Septemba 2024, akaonekana tena uwanjani Mei 2025, akiingia kutokea benchi. Yule ana madaktari, bwawa na mashine za kupima nguvu za kila msuli. Wewe una uwanja wa vumbi wenye mashimo na beki anayelipwa soda akikuzuia.

---

Tiba Viungo

Kujisikia fiti ndiko kunakowaponza wengi. Kano iliyopandikizwa hudhoofika kwanza, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, wakati mwili unaigeuza kuwa ligamenti, na haina maumivu ya kukuonya. Inachukua miezi mingi kukomaa. Utafiti wa Norway wa 2016 uliona kwamba kila mwezi mchezaji aliongeza kusubiri, hadi kufikia miezi tisa, hatari ya kuumia tena goti ilipungua karibu nusu.

Na miezi peke yake haitoshi. Fanya hivi ukiwa na msimamizi: simama kwa mguu mzima, ruka mbele mara moja, tua kwa mguu huohuo bila kuyumba, pima umbali kwa futi ya fundi. Rudia kwa mguu uliopasuliwa. Ukipata chini ya asilimia 90 ya ule mzima, hujafika. Kama mguu mzima unaruka sentimita 160, huu mwingine unatakiwa uruke angalau 144. Pima na paja pia, sentimita 10 juu ya kilegesambwa, pande zote mbili.

---

Winga Teleza

Nimepima jioni hii na mwalimu wa gym. Mzima 172, huu 131. Paja limepishana sentimita tatu. Nimemwambia kepteni anitoe kwenye orodha.

---

Kocha wa Mtaa

Umefanya jambo la maana sana. Ukifika tisini kwa mia uje uandike hapa hapa.

---

Mdau wa Kigamboni

Mrejesho: baba amesoma uzi wote, kiwanja hakiuzwi kwa sasa. Dogo ameanza mazoezi tiba hospitali ya wilaya, bei yake ni ndogo kuliko tulivyodhani, ila foleni inaanza alfajiri. Baba anauliza swali moja: kama ikibidi apasuliwe baadaye, zile skrubu zitakuja kutolewa? Anaogopa gharama ya upasuaji wa pili.

---

Tiba Viungo

Mwambie mzee kwa kawaida hazitolewi. Nyingine zimetengenezwa kwa vitu vinavyoyeyuka mwilini taratibu, za chuma hubaki tu ndani ya mfupa. Zinatolewa kama zinasumbua, kwa mfano kichwa cha skrubu kinachoma chini ya ngozi, au kumetokea maambukizi. Anapoomba makadirio aulize ni za aina gani, na hospitali iandike jina la kifaa kwenye karatasi ya ruhusa. Karatasi hiyo na CD ya MRI akaviweke pamoja na hati ya kiwanja.